Kuzunguka kisiwa cha tropiki na marafiki kwa gari la kukodi

Kisiwa kidogo hudanganya. Kwenye ramani unaona kilomita 60 kutoka ncha hadi ncha, na lazima mmoja wenu atasema mkitoka asubuhi mtakuwa mmekimaliza kabla ya mchana. Haiwi hivyo. Barabara za visiwani hufuata ufuo, huzunguka mabonde na kukatiza katikati ya vijiji, kwa hiyo ukijumlisha kona, matuta na malori, mwendo wa wastani huwa kilomita 35 hadi 45 kwa saa. Chukulia barabara ya kwenda Hana, kisiwani Maui, Hawaii. Kutoka mji wa Kahului ni kilomita 84 hivi, lakini ina kona zipatazo 620 na madaraja 59, mengi yakiwa ya upana wa gari moja. Bila kusimama popote, hesabu saa mbili na nusu. Mkisimama kwenye maporomoko mawili matatu, siku imekwisha.

Kwa hiyo pangeni safari kwa saa za mwanga, si kwa kilomita. Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na jua huzama karibu wima, hivyo mwanga wa jioni haukai. Dakika 20 hadi 25 baada ya jua kuzama, giza limeshika. Barabara isiyo na taa, yenye watembea kwa miguu, baiskeli, wanyama na mashimo, si mahali pa mgeni kuendesha usiku. Jiwekeeni sharti kwamba jua linapozama gari liwe limepaki mnakolala, au mbaki na dakika 15 tu za barabara kuu ya lami. Wanaotaka kutazama machweo walale upande wa magharibi siku hiyo.

Gari la kuchukua

Gari la viti vitano ni la watu wanne. Wa tano atakaa katikati na begi mapajani, na kufikia siku ya pili atakuwa hataki tena kwenda popote. Gari la viti saba lina ujanja wake: ukiinua safu ya tatu, buti karibu lote linapotea, kwa hiyo ni gari la watu watano na mizigo, au la watu saba wasio na mizigo. Mkiwa sita au zaidi, magari mawili madogo yana faida kuliko moja kubwa. Hupita kwenye njia nyembamba, hupata pa kupaki kwa urahisi, na moja likiharibika la pili linakwenda kutafuta msaada. Hasara ni dhamana mbili na madereva wawili kila siku.

Watu huulizia sana gari la magurudumu manne yanayovuta, ilhali kinachohitajika mara nyingi ni uvungu wa juu. Njia ya changarawe yenye mawe na makorongo huharibu gari la chini hata kama halijakwama. Kuvuta kwa magurudumu manne husaidia kwenye tope, mchanga na mpando unaoteleza, ila hakufupishi breki hata kidogo. Kisiwa kikiwa na milima, epukeni injini ya lita 1.0. Ikibeba watu wanne, mizigo na kiyoyozi kinachofanya kazi, hupanda kwa taabu na kuovateki inakuwa hatari. Lita 1.3 hadi 1.5 inatosha. Na kama mtaendesha upande wa barabara msiouzoea, chukueni otomatiki, ili dereva apunguziwe jambo moja la kufikiria.

Mkataba na bima

Leseni kwanza. Nchi nyingi hutaka kibali cha kimataifa cha kuendesha pamoja na leseni halisi. Vipo vya mkataba wa Geneva wa 1949, vinavyodumu mwaka mmoja, na vya mkataba wa Vienna wa 1968, vinavyoweza kudumu hadi miaka mitatu. Nchi nyingine hukubali cha aina moja tu, kwa hiyo ulizeni mapema. Kibali hutolewa katika nchi iliyokupa leseni, na kwa kawaida huwezi kukipata ukiwa umeshafika kisiwani. Baadhi ya visiwa vina kibali chao cha muda, na hicho mara nyingi kampuni ya magari huwasaidia kukipata. Kampuni nyingi hazimkodishii mtu wa chini ya miaka 21 au 23, na wa chini ya 25 huongezewa ada.

Andikisheni angalau madereva wawili kwenye mkataba, hata kama wa pili analipiwa. Asiyeandikwa akishika usukani na gari likagonga, bima inaweza kukataa kulipa chochote, na deni lote likawaangukia ninyi.

Bima ndogo hulipa madhara ya upande wa pili tu. Bima kubwa hugharimia gari mlilokodi, lakini karibu kila mara kuna kiasi mtakachobeba wenyewe kabla haijaanza kulipa, na kiasi hicho ndicho cha kuulizia kuliko bei ya siku. Someni pia visivyolipwa. Kwa kawaida ni tairi, rimu, vioo, uvungu, paa, funguo zilizopotea na uharibifu wa maji. Visiwani hivyo ndivyo vinavyoharibika zaidi: jiwe linapiga uvungu, nazi inatua juu ya paa, funguo zinazama baharini. Kama kuna nyongeza inayofunika tairi, vioo na uvungu, hiyo tunaipendekeza bila kusita. Halafu ulizeni waziwazi: je, tunaruhusiwa barabara za vumbi? Ufukweni? Kuvuka na kivuko kwenda kisiwa jirani? Mikataba mingi hukataza hayo, na mkikiuka bima yote inaweza kukosa nguvu.

Dhamana hushikiliwa kwenye kadi ya mkopo ya dereva mkuu. Kampuni nyingi hazikubali kadi ya kawaida ya benki, au huikubali kwa kuwalazimisha mnunue bima yao ya juu. Hakikisheni kadi ina nafasi ya kutosha, maana fedha hizo zinaweza kubaki zimeshikiliwa siku kadhaa baada ya gari kurudi.

Mapatano ya kikundi

Hapa ndipo safari nyingi za marafiki huharibika, na dawa yake ni kuongea kabla ya kuweka sahihi. Anzisheni mfuko wa pamoja. Kila mtu achange kiasi sawa mwanzoni, mmoja awe mtunza mfuko, na kila malipo ya kodi, mafuta, maegesho na kuosha gari yaandikwe hapo hapo. Anayeendesha alipe sawa na wengine. Mkianza kupunguziana kwa sababu ya kazi ya kuendesha, hesabu haziishi. Faini ya barabarani ni ya aliyekuwa kwenye usukani. Uharibifu wa bahati mbaya mgawane wote kwa usawa, isipokuwa mtu amekunywa au amevunja masharti kwa makusudi. Yaandikeni kwenye ujumbe wa kikundi, ili siku ya tatizo asiwepo wa kusema hakusikia.

Kila asubuhi mtajeni dereva wa siku na wa akiba wake. Dereva wa siku hanywi pombe mpaka funguo zimetundikwa, wala wenzake wasimshawishi. Baada ya kila saa mbili badilishaneni, au simameni mnyooshe miguu, kwa sababu joto na kona huchosha haraka kuliko barabara iliyonyooka. Anayekaa mbele kando ya dereva ana kazi: kusoma ramani, kupokea simu, kuangalia upande asiouona dereva. Simu ya dereva ikae kwenye begi.

Mwenye kichefuchefu akae mbele, atazame mbali barabarani na asisome chochote. Vidonge vya kichefuchefu humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, na kwa kuwa vingi huleta usingizi, aliyemeza haendeshi siku hiyo. Mkubaliane pia kwamba abiria yeyote akisema "punguza mwendo", dereva anapunguza kwanza na maneno yanafuata baadaye.

Kukagua gari kabla ya kulipokea

Tengeni dakika 20, mchana, gari likiwa kavu. Gari lililoloa huficha mikwaruzo. Pigeni video moja isiyokatwa: anzeni na namba ya gari, zungukeni pande zote, inameni kuchukua chini ya bampa ya mbele na kila rimu, inueni simu juu ya paa, kisha ingieni ndani mchukue kilomita na geji ya mafuta kwenye dashibodi. Kila mkwaruzo uandikwe kwenye fomu na mfanyakazi atie sahihi. Akisema "huo mdogo, hauna shida", mwambieni kwa upole auandike hata hivyo.

Tairi zinastahili muda wenu zaidi ya kitu kingine chochote. Ubavuni kuna namba nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka sita, hasa katika joto na jua kali, chunguzeni nyufa ndogo ubavuni. Zikiwepo, ombeni gari jingine. Kina cha kashata za tairi kisipungue milimita 1.6, kiwango cha chini kisheria katika nchi nyingi, na kwenye mvua ya tropiki milimita 3 ndizo za kuaminika. Kisha fungueni buti mguse kwa mikono yenu: spea yenye upepo, jeki, spana ya magurudumu inayoingia kwenye nati za gari hilo, na pembetatu za kuakisi. Mara nyingi spea huwa na upepo mdogo, kwa vile hakuna anayeikumbuka.

Washeni taa zote, waipa na honi. Kiyoyozi kiacheni dakika tano, kwa sababu dakika ya kwanza hata kibovu hutoa ubaridi kidogo. Ulizeni gari linatumia petroli au dizeli na muangalie kifuniko cha tangi. Bomba la petroli ni jembamba, linaingia vizuri kwenye tangi la gari la dizeli, na hivyo ndivyo kosa hilo hutokea. Mafuta yakikosewa, msiwashe injini kabisa, hata kulisogeza pembeni. Lisukumeni, kisha mpige simu kampuni.

Kushoto au kulia

Morisi, Shelisheli, Barbados na Jamaika huendesha kushoto. Réunion, Martinique na Guadeloupe huendesha kulia. Visiwa vya Virgin vya Marekani vina la kwao: gari hupita kushoto, lakini magari mengi yana usukani kushoto vilevile, kwa hiyo dereva hukaa ukingoni mwa barabara na hawezi kuona mbele anapotaka kuovateki.

Kwenye foleni hamtakosea, maana mnafuata wengine. Makosa hutokea mnapotoka kwenye maegesho, mnapoondoka baada ya kusimama kupiga picha kwenye barabara tupu, na mnapokata kona kuingia barabara pana. Kila gari linapoanza kwenda, abiria wa mbele aseme upande kwa sauti: "kushoto". Penye kuendesha kushoto, kipilefti huzungukwa kwa kufuata mishale ya saa na anayetoka kulia kwa kawaida hupewa njia. Penye kuendesha kulia, kinyume chake. Siku ya kwanza mtawasha waipa badala ya indiketa mara nyingi, kwa hiyo fanyeni mazoezi mahali patulivu kabla ya kuingia mjini.

Upepo, mvua na maji

Kila kisiwa chenye milima kina upande wa upepo na upande uliokingwa. Kaskazini mwa ikweta pepo za kudumu huvuma zaidi kutoka kaskazini-mashariki, kusini mwake kutoka kusini-mashariki. Upande unaopokea upepo hupata mvua nyingi, misitu na bahari yenye mawimbi. Upande wa pili huwa mkavu na maji yake hutulia. Kisiwa kikubwa cha Hawaii kinaonyesha hilo waziwazi: mji wa Hilo hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, wakati pwani ya Kona, ng'ambo ya milima, ni kavu. Mvua ikiwakuta upande mmoja, msivunje siku. Mara nyingi upande wa pili kuna jua, na gari mnalo. Vileleni nendeni alfajiri, kwa sababu mawingu hupanda kadiri ardhi inavyopata joto, na kabla ya adhuhuri mandhari yote yanaweza kuwa yamefunikwa.

Jedwali la maji kujaa na kupwa liwe kwenye simu ya kila mmoja. Mahali pengi, kati ya kujaa na kupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi, na kila siku nyakati huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda juu zaidi na kurudi mbali zaidi. Katika Karibi tofauti hiyo kwa kawaida ni ndogo, ila kwenye visiwa vya pwani ya Afrika Mashariki inaweza kuzidi mita 3. Mchanga mgumu mliopaki asubuhi unaweza kuwa bahari saa nane mchana. Tafuteni mstari wa mwani mkavu na vijiti: hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Pakini juu yake kwa umbali wa kutosha.

Mkikwama kwenye mchanga, toeni mguu kwenye mafuta mara moja, kwa kuwa gurudumu linalozunguka bure linajichimbia kaburi. Shukeni wote, ondoeni mchanga mbele ya magurudumu kwa mikono, punguzeni upepo wa tairi kutoka 32 psi hivi hadi 18, wekeni mazulia ya gari chini ya magurudumu yanayovuta, kisha dereva atoke taratibu kwa gia ya chini huku wengine wakisukuma. Jazeni upepo kabla ya kurudi kwenye mwendo wa lami, kwani tairi lenye upepo mdogo hupata joto kali na linaweza kuchomoka kwenye rimu. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Kuhusu maji yanayokatiza barabara, kumbukeni vipimo hivi. Sentimita 15 hufika uvungu wa magari mengi na zinaweza kuzima injini. Sentimita 30 zinaweza kulifanya gari dogo lielee. Sentimita 60 za maji yaendayo kasi hubeba hata gari kubwa. Mito ya visiwani ni mifupi. Hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani msikoiona, na mara nyingi hupungua haraka vilevile, kwa hiyo kusubiri si kupoteza siku. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi nayo ni ya kuheshimu, maana huchanganyika na vumbi na mafuta ya barabarani na kufanya utelezi usioonekana.

Kwenye mteremko mrefu, shukeni kwa gia ambayo mngepandia. Kwenye otomatiki wekeni L au 2, msikalie breki mfululizo. Mkisikia harufu ya kuungua au pedali ikawa laini, simameni nusu saa zipoe. Msizimwagie maji, diski zinaweza kupasuka.

Pancha

Simameni penye usawa na ugumu, hata kama ni kwenda mita 200 polepole. Abiria wote washuke, hendibreki ivutwe, jiwe liwekwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili, na pembetatu ikae nyuma ya gari.

1. Legezeni nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Likishainuliwa, gurudumu litazunguka na gari linaweza kuanguka kutoka kwenye jeki.
2. Wekeni jeki kwenye sehemu iliyotiwa alama ukingoni mwa chasisi. Ardhi ikiwa laini, tangulizeni ubao bapa.
3. Inueni, toeni nati, badilisheni, kisha kazeni kwa mkono. Asiingize mtu mguu wala mkono chini ya gari.
4. Shusheni, kisha kazeni kwa nguvu kwa kurukaruka nati zinazotazamana, si kwa kuzunguka kwa mpangilio.

Kazeni tena baada ya kilomita 50. Spea nyembamba ya dharura haizidi kilomita 80 kwa saa, na kabla ya kwenda milimani tafuteni fundi azibe tairi halisi.

Kupaki na kuacha gari

Msipaki chini ya mnazi. Nazi moja huwa na kilo moja hadi mbili, na ikitoka mita 15 juu inavunja kioo. Mizigo ipangeni kwenye buti kabla hamjafika mnakopaki, kwa sababu anayevizia huangalia nani anaficha nini. Funguo za kielektroniki zikiingia maji ya chumvi hufa. Abaki mtu ufukoni nazo, au ziingizwe kwenye mfuko usiopitisha maji uliojaribiwa kwanza kwa karatasi ya chooni ndani yake. Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 za mwanzo, hivyo mtoto au mnyama asiachwe humo hata kwa muda mfupi. Viberiti vya gesi na betri za ziada mtoke navyo.

Ramani ya kisiwa chote ipakueni kwenye simu mbili kabla ya kuondoka, maana mabondeni mtandao hukatika. Programu za ramani hupenda njia fupi hata ikiwa ni ya shambani. Lami ikiisha, njia ikizidi kubana na hakuna alama mpya za tairi, geuzeni pale ambapo bado mnaweza kugeuza. Simu inayoongoza muiweke mbele ya tundu la kiyoyozi. Ikikaa juani kwenye dashibodi itajizima kwa joto.

Kurudisha

Kituo cha mafuta cha karibu na uwanja wa ndege kinaweza kuwa na foleni au kimefungwa, kwa hiyo jazeni tangi jioni iliyotangulia, kisha muongeze kidogo asubuhi na kutunza risiti. Kung'uteni mchanga kwenye mazulia na buti, kwani kampuni nyingi hutoza usafi. Rudisheni saa za kazi ili mfanyakazi akague mkiwepo, pigeni video ile ile ya mwanzo, na msiondoke bila karatasi yenye sahihi inayosema gari limepokelewa bila uharibifu mpya. Karatasi, risiti na video zote mbili zitunzeni mpaka dhamana imeachiliwa na muda wa faini za kamera kutumwa umepita, nao unaweza kufika wiki kadhaa. Mtunza mfuko asigawe salio kabla ya hapo.